Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kusoma Sayansi ya Neva Mwaka wa Kwanza Chuoni

Kila vyuo vikifunga na vijana wakivuka kutoka Mokowe kurudi nyumbani, barzani kwetu hapa Langoni, Lamu, maswali huwa ni yale yale, mengine huja kwa simu saa tano za usiku na mtihani ni kesho asubuhi, kwa hivo nimeyakusanya hapa. Nimesoma fisiolojia, nimefundisha vikundi vya mwaka wa kwanza, na yuniti hii naipenda kwa dhati. Ukiona jibu limekuelekeza swali jengine, nenda kule, sitarudia jambo mara mbili.

## Kabla hujaanza

Sayansi ya neva ni nini hasa, si ndo saikolojia hiyo hiyo?

Zapakana lakini si kitu kimoja. Saikolojia huanza na tabia na fikra za mtu. Sayansi ya neva huanza na nyama yenyewe, yaani seli, umeme wake na kemikali zake, alafu hupanda pole pole mpaka ifike kwenye kuona, kukumbuka, kuogopa na kutembea. Mtoto akiogopa giza, wa saikolojia atauliza amelelewa vipi na ameona nini, wa neva atauliza seli zipi zimewaka, sehemu gani, na zimeunganishwa na nini. Na si ubongo peke yake, uti wa mgongo na neva zote mpaka kidole cha mguu zimo.

Nimetafuta digrii ya sayansi ya neva nikajaze KUCCPS (pale pa kuombea nafasi za vyuo) siioni, nifanyeje?

Wengi wetu huku hatuisomi kama digrii ya peke yake, twaikuta ndani ya kozi nyengine: udaktari, uuguzi, famasia, fisiolojia, saikolojia, sayansi ya tiba. Usiangalie jina la kozi tu, omba orodha ya yuniti uone kama muna fisiolojia ya neva na anatomia ya ubongo. Ukishaipenda ndo utafute shahada ya pili yenye jina hilo.

Nilipata C ya fizikia, nitaweza kweli?

Utaweza. Wahitaji mambo matatu tu: chaji zinazofanana hufukuzana na zisizofanana huvutana, kitu kikiwa kingi upande mmoja hutaka kwenda kule kilipo kichache, na logi ulizosoma sekondari. Biolojia ya kidato cha nne kuna ile sura ya mwitikio na uratibu, ile ya mtu kukanyaga mwiba akavuta mguu kabla hajahisi uchungu, irudie kabla hujafungua slaidi za chuo. Imekubebea zaidi ya unavyodhani.

Lekchara anafundisha Kiingereza, nikijielezea kwa Kiswahili si nitajichanganya?

Kinyume chake. Mtu anaweza kuandika kurasa mbili za Kiingereza safi na asijue anasema nini, nimezisahihisha karatasi hizo, na inauma manake waona kabisa kijana amekesha. Mimi nawaambia, baada ya kila somo mueleze mamako au shangazi yako jikoni, kwa Kiswahili, bila kutumia jina hata moja la kigeni. Akikuuliza "sasa hiyo sodiamu yaingia kwa nini?" ukakosa la kumjibu, basi hapo ndo pa kurudi kusoma. Majina ya Kiingereza utayabandika mwisho kwa ajili ya mtihani, ni kazi ya siku mbili.

## Seli na umeme wake

Kwa nini kila mtu hukwama kwenye aksheni potenshali?

Aksheni potenshali ni ule mpigo wa umeme wa seli ya neva, na watu hukwama manake hufundishwa kama picha ya mlima. Unaambiwa hapa ni milivolti -70, hapa -55, hapa +30, chora, kariri. Mimi nilikariri hivo hivo, nikauchora ule mlima vizuri sana kwenye mtihani wangu wa kwanza, alafu likaja swali moja fupi: ukiongeza potasiamu nje ya seli kutatokea nini? Nikakaa na kalamu mkononi dakika ishirini nzima. Nilipata 38 kwa mia. Na nilikuwa nimesoma usiku na mchana, ila sikuwa najua ioni (chembe yenye chaji, kama sodiamu na potasiamu) yaenda wapi na kwa nini yaenda.

Basi sahau mlima kwanza. Chukua karatasi, chora duara, hiyo ndo seli. Nje andika sodiamu 145, ndani 15. Potasiamu ni kinyume, ndani 140, nje 5 (hesabu ni milimoli kwa lita). Sasa kila ioni ina vitu viwili vinavyoivuta: wingi, kutoka palipo na nyingi kwenda palipo na chache, na chaji. Maswali yote ya sura hii yanajibika kwa kuuliza haya mawili tu.

Seli ikiwa imetulia, milango ya potasiamu, yaani matundu yake kwenye ukuta wa seli, iko wazi kidogo. Potasiamu yatoka kwa sababu ya wingi, lakini ni chaji chanya, ikitoka huko ndani kunabaki hasi, na ule uhasi unaanza kuivuta irudi. Yafika pahala mvuto wa wingi na mvuto wa chaji viko sawa, na hapo kwa potasiamu peke yake ni kama -88 milivolti (61 mara logi ya 5 kugawanya kwa 140, piga mwenyewe uone). Sodiamu kidogo huvuja kuingia, ndo maana seli ya kweli hukaa karibu na -70 badala ya -88.

Kikija kichocheo kikaipandisha mpaka kama -55, milango ya sodiamu hufunguka. Tazama sodiamu inavyovutwa: ni nyingi nje, na ndani ni hasi, vitu vyote viwili vyaisukuma iingie. Yaingia kwa kasi na ndani hupanda kuelekea +30. Baada ya kama sehemu moja ya elfu ya sekunde ile milango hujifunga yenyewe kwa komeo la ndani, na milango mengine ya potasiamu, ambayo ni mizito kufunguka, ndo inafunguka sasa. Potasiamu yatoka, seli yashuka, yapitiliza kidogo chini, alafu yarudi. Umeshauchora mlima bila kuukariri.

Na lile swali langu? Potasiamu ikiongezeka nje, tofauti ya wingi imepungua, inatoka kidogo kuliko kawaida, kwa hivo ndani hakuwi hasi kama mwanzo, seli imesogea karibu na -55. Ikizidi sana, milango ya sodiamu hubaki imefungwa kwa lile komeo na seli haiwezi kuwaka tena. Ndo sababu potasiamu ikipanda sana kwenye damu, kwa mfano mgonjwa wa figo, moyo unaweza kusimama.

Pampu ya sodiamu na potasiamu si ndo inayoshusha umeme baada ya kilele?

Hapana! Kosa hili nimelisahihisha mara nyingi kuliko jengine lolote. Kinachoshusha ni potasiamu kutoka kupitia milango yake, soma jibu la hapo juu. Pampu hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, hula nguvu kila mzunguko, na ni ya taratibu, kazi yake ni kuweka ile tofauti ya 145 na 15 isipotee siku hadi siku. Ukiizima ghafla, neva nene bado yaweza kuwaka maelfu ya mara kabla haijachoka.

Pampu yenyewe aliigundua Jens Skou wa Denmark mwaka 1957, kwa neva za miguu ya kaa, na akapewa Nobel 1997. Sumu inayoizima huitwa ouabain na jina lake latokana na Kisomali. Yatoka kwenye mti ule ule ambao Waata wa bara yetu hapa nyuma ya Malindi walikuwa wakichemsha kupaka mishale ya kuwindia ndovu. Mshale ukishachoma, pampu za moyo zinasimama. Wazee wale waliijua kazi ya sumu hii zamani kabla maabara hazijaipa jina.

Kwa nini vitabu vyote vinamuongea ngisi?

Kwa sababu ana aksoni, yaani uzi wa seli ya neva unaopitisha umeme, nene kupita kiasi, kubwa zao zafika karibu milimita 1, na za binadamu nyingi hazizidi sehemu ya 50 ya milimita. J. Z. Young ndo aliyezieleza mwaka 1936, alafu Alan Hodgkin na Andrew Huxley wakaingiza waya mwembamba ndani ya aksoni kule Plymouth, Uingereza, mwaka 1939, vita vikawakatiza, wakarudi na kumaliza kazi mwaka 1952. Ile hesabu ya milango niliyokueleza ni yao, Nobel wakaipata 1963.

Lakini usiishie kwenye kitabu na wewe ni mtoto wa Lamu. Nenda asubuhi mashua zinaporudi, nunua ngisi mmoja mbichi, ambaye hajakaa kwenye barafu siku mbili. Mpasue mfuko wa mwili kwa urefu upande wa tumbo, toa matumbo na kile kifuko cha wino kwa uangalifu, suuza kwa maji ya bahari si ya mfereji, alafu mfungue kama kitabu umuinamishe kwenye mwanga. Karibu na shingo, kulia na kushoto, utaona kijinundu cheupe kimeshika kwenye ukuta wa nyama na nyuzi zinatawanyika kutoka hapo kama nyota. Hizo ni neva. Ule uzi mnene unaokwenda nyuma kabisa ndo wenye aksoni kubwa kuliko zote. Nilipomuonyesha binti wa jirani yetu alinyamaza, alafu akasema, "Na miaka yote hii twazitupa."

Sasa jiulize kwa nini wa nyuma ndo mnene. Ngisi hukimbia kwa kuubana mfuko wote kwa mpigo mmoja, na uzi wa nyuma una safari ndefu, hivo lazima upitishe umeme haraka zaidi ili nyama ya nyuma ibane wakati mmoja na ya mbele. Yeye hana mayelini, ile mafuta inayozungushwa aksoni zetu, dawa yake ni unene. Sisi tuna mayelini na aksoni zetu za haraka zafika kama mita 120 kwa sekunde zikiwa nyembamba hivo hivo, zile zisizo nayo hutembea kama mita 1 kwa sekunde.

Nimesikia sumu ya samaki bunju huja kwenye mtihani, ni kweli?

Huja sana, kwa jina tetrodotoksini. Hukaa kwenye mlango wa sodiamu kwa nje na kuuziba kama kizibo. Swali huwa: umeme wa seli iliyotulia utabadilika? Karibu haubadiliki kabisa, kwa sababu ule wategemea potasiamu. Ila seli haiwezi kuwaka. Wengi hujibu kwamba seli "inakufa" na hupoteza alama zote hapo.

Mwilini huanza na midomo na ulimi kufa ganzi, alafu vidole, alafu miguu yalegea, mwisho misuli ya kupumua. Na mara nyingi mtu huwa bado ana akili zake, asikia kila kitu. Kupika hakuiondoi na dawa ya kuiondoa hakuna, mgonjwa husaidiwa kupumua mpaka iishe mwilini. Kwa hivo babu anapokukataza bunju msikize. Sindano ya ganzi ya daktari wa meno pia huziba milango ya sodiamu, ila kwa sehemu ndogo na kwa muda.

Kwenye sinapsi, pale seli moja inapopasha nyengine ujumbe, nitajuaje kemikali ipi husisimua na ipi huzuia?

Usiulize kemikali, uliza mlango inaoufungua. Asetilikolini hiyo moja husisimua msuli wa mkono na hupunguza mapigo ya moyo, kwa sababu vipokezi ni tofauti. Kwenye ubongo glutameti kwa kawaida husisimua kwa kuingiza chaji chanya, GABA huzuia kwa kufungua njia ya kloridi. Na mpangilio wa tukio usiusahau: umeme wafika mwisho wa aksoni, kalsiamu yaingia, vifuko vyenye kemikali vyapasukia nje, kemikali yavuka pengo, yashika kipokezi. Kalsiamu ndo watu huiruka.

Kisa cha kukumbuka ni cha Otto Loewi, 1921. Mioyo miwili ya chura iko kwenye maji ya chumvi, akaisisimua neva inayopunguza mapigo ya moyo wa kwanza, ukapungua, akachukua yale maji akaumwagia wa pili ambao haukuguswa neva yake. Nao ukapungua. Kwa hivo ujumbe ulikuwa ndani ya maji, ni kemikali.

Dopamini ni kemikali ya furaha, si ndiyo?

La. Wenye ugonjwa wa Parkinson hupoteza seli za dopamini na kinachoharibika mwanzo ni mwendo: mkono watetemeka, hatua zakuwa fupi, uso wakaza. Dopamini ina kazi ya mwendo, ya kutamani, ya kujifunza kutokana na matokeo. Ukiandika "furaha" kwenye karatasi utapewa sifuri na ni haki.

## Ubongo wenyewe

Majina ya sehemu ni mengi kama mchanga, nikariri vipi?

Uliza jina lina maana gani, kwa sababu watu wa zamani waliita kwa sura. Hipokampasi ni farasi wa bahari, na kweli ukiitoa imejikunja kama yeye. Amigdala ni lozi. Koteksi ni gome la mti. Ile ngozi ngumu inayofunika ubongo, dura mater, ni tafsiri ya Kiarabu kwa Kilatini, na aliyepita madrasa ataitambua mara moja: umm al-dimagh, mama wa ubongo.

Thalamasi ndo naipenda zaidi. Jina lake lina maana ya chumba cha ndani, ila kazi yake, ukiitazama na nyumba zetu za mawe, ni ya daka, ule ukumbi wa mlangoni. Mgeni haingii msana moja kwa moja, hukaa kwanza dakani, ajulikane ni nani, alafu apelekwe panapomfaa. Habari za macho, masikio na ngozi zote hupita thalamasi kwanza kabla ya kufika kwenye gome. Harufu ndo haipiti daka. Yenyewe huingia moja kwa moja mpaka gome lake na kwenye lozi, bila kungoja. Mtu akinusa udi akakumbuka arusi ya miaka kumi nyuma, kumbuka njia hiyo na hutaikosea kwenye mtihani.

Ni kweli twatumia asilimia 10 tu ya ubongo? Na wa kushoto ni wa hesabu, wa kulia ni wa sanaa?

Zote mbili si kweli. Ubongo una uzito wa kama kilo 1.4, asilimia 2 hivi ya mwili, na hula karibu asilimia 20 ya nguvu yote mtu akiwa amekaa tu, mwili haungelipia gharama hiyo kwa kitu kisichotumika. Lugha kwa watu wengi iko zaidi kushoto, hiyo ni sawa, lakini hakuna mtu wa kulia na mtu wa kushoto.

Na ukikuta notsi za zamani zimeandika seli za neva bilioni 100 na glia (seli saidizi za ubongo) mara kumi yake, rekebisha: hesabu ya Suzana Herculano-Houzel na wenzake ya 2009 ilipata kama bilioni 86, na glia idadi inayokaribiana nayo.

Kulia huongozwa na kushoto, mbona kila njia yavuka pahala tofauti?

Hili ni swali la watu waliokwisha shika mengine, na ndo hutenganisha A na B. Njia ya mwendo huvuka kwenye sehemu ya chini ya shina la ubongo. Ya kugusa na kujua mguu uko wapi hupanda upande wake na kuvukia huko huko juu. Ya uchungu na joto huvuka mapema, ndani ya uti wa mgongo karibu na pale ilipoingilia. Serebela, ule ubongo mdogo wa nyuma, yenyewe huongoza upande wake, haivuki kimatokeo.

Sasa nusu ya kulia ya uti ikikatwa: mguu wa kulia hauendi na haujui uliko, mguu wa kushoto hausikii uchungu wala moto. Hali hii ina jina la Brown-Séquard, mzaliwa wa Morisi, kisiwa cha bahari yetu hii hii, mwaka 1817. Chora mistari mitatu kwa rangi tatu, ikate kwa wembe wa mawazo pahala tofauti tofauti, na kila ukikata sema kwa sauti nini kimepotea. Ukifanya hivo mara kumi hakuna swali la uti litakalokushinda.

Wale wagonjwa maarufu ni lazima niwajue?

Watatu. Phineas Gage, 1848, chuma kilimpita sehemu ya mbele ya ubongo akaishi, tabia zake zikasemwa zimebadilika. Leborgne wa Paris, 1861, aliyekuwa akiweza kusema "tan" peke yake na kuelewa anachoambiwa, Paul Broca akaona jeraha mbele kushoto. Na Henry Molaison, aliyeitwa H.M. mpaka alipofariki 2008, aliyetolewa hipokampasi zote mbili mwaka 1953 ili kifafa kipungue. Hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya ya matukio, lakini Brenda Milner alimfundisha kuchora kwa kutazama kioo na mkono wake ukawa hodari siku hadi siku, huku yeye akiapa hajawahi kuifanya. Kwenye mtihani andika kilichopotea NA kilichobaki, hapo ndo alama zilipo. Na tuwataje kwa heshima, walikuwa watu.

## Maabara, kudurusu na mtihani

Sijawahi kushika ubongo, nitaanzaje?

Ongea na muuza nyama akupasulie kichwa cha mbuzi taratibu, sio kwa shoka la nguvu. Ubongo mbichi ni laini mno, karibu na maziwa ya mgando, kwa hivo uweke kwenye friza saa moja au mbili ushikane, alafu ukate kwa kisu kikali kilicholowa. Nje ni kijivu, ndani ni nyeupe. Ile nyeupe ni mafuta ya mayelini, yaani nyaya tupu. Kata serebela katikati utaona mti mdogo mweupe wenye matawi. Vaa glavu, osha mikono na kisu vizuri.

Na kuhusu kugusa maiti, moyo wangu hautulii.

Nakuelewa, nami nilikuwa hivo wiki ya kwanza. Muulize sheikh wako mapema kabla muhula haujaanza, na umwambie lekchara bila haya, si wewe wa kwanza kuuliza. Madaktari wengi Waislamu wamesoma kwa njia hii. Mimi hunyamaza kidogo na kumuombea dua aliyelala pale kabla sijagusa kitu, alafu nafanya kazi kwa adabu, sipigi picha, sitanii.

Likizoni intaneti ni ya bando na stima yapotea, nadurusu vipi?

Pakua slaidi na video ukiwa bado chuoni, kwa waifai ya pale. Hapa nyumbani tumia karatasi: funga notsi, chora kwa kichwa, fungua, sahihisha kwa kalamu nyekundu. Rudia kesho, alafu baada ya siku tatu, alafu wiki. Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuandika mwaka 1885 kwamba mtu husahau haraka mwanzoni na kurudia kwa vipindi hushikisha, na mpaka leo halijapingwa. Kusoma slaidi mara tano ukiwa umelala kitandani kwapendeza ila hakubaki.

Watu hutafuna muguka wakeshe kusoma, yasaidia?

Usingizi wauondoa, kweli, kwa sababu ya kathinoni inayofanya dopamini na noradrenalini zimwagwe zaidi. Lakini yale uliyosoma mchana huimarishwa ukiwa umelala, kwa hivo unakaa macho kupoteza ulichokaa macho kukitafuta. Nimeona vijana wazuri sana wa hapa wakiingia chumba cha mtihani mikono yatetemeka na kichwa hakina kitu, na wengine hawakuishia kwenye muguka. Lala kwa muda wa saa saba nzima, tafadhali.

## Maswali ya pembeni

Nyumbani wasema mdogo wangu ana majini, mimi naona ni kifafa. Nisemeje?

Usiingie na slaidi ukiwadharau wazee, hawatakusikiza na mtoto ndo ataumia. Mimi husema hivi: "Mama, dua iendelee, na dawa tumpe pia." Kifafa ni seli nyingi kuwaka kwa pamoja bila mpangilio, kwa sababu kizuizi kimeshindwa na kichocheo, rejea swali la sinapsi. Fenobabitoni hutia nguvu upande wa GABA. Kabamazepini hutuliza milango ya sodiamu, ile ile ya bunju, ila kwa kipimo na kwa seli zinazowaka kupita kiasi. Hakiambukizi, mguse, mshike.

Kikimjia: angalia saa, ondoa vitu vya kumuumiza, mlaze ubavu, usimzuie kwa nguvu, na usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Kikipita dakika 5, au kikirudi kabla hajazindukana, ni hospitali moja kwa moja. Na umuulize mamako kama mtoto aliwahi kulazwa na malaria ya ubongo, kwa sababu baadhi ya watoto waliopona hupata kifafa baadaye. Watafiti wa KEMRI-Wellcome hapo Kilifi, kituo kilichoanza 1989, wamefanya kazi kubwa juu ya jambo hili hili, na kwa watoto wa pwani hii hii.

Nikimaliza nitapata kazi gani?

Yategemea digrii uliyoingilia. Wa udaktari na uuguzi njia yao yajulikana. Wa fisiolojia na saikolojia kuna kufundisha, utafiti, maabara za kupima umeme wa ubongo, kliniki za waathirika wa dawa za kulevya kama ile ya methadoni Malindi. Ukitaka utafiti jiunge mapema na SONA, chama cha wanasayansi wa neva wa Afrika, na fuata mafunzo mafupi ya IBRO, shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo, ambayo mara nyengine hulipia nauli. Andika barua ya maombi ukiwa mwaka wa pili, usingoje umalize.

Mimi siko chuo, ni fundi wa mashua, naweza kuja kusikiliza?

Njoo. Ijumaa baada ya alasiri, barzani. Ukipata ngisi mbichi njoo naye.